Si bei ya chai iliyomng'oa Mwingereza Marekani

Mhariri,

Wasomaji wa Kiswahili wamesimuliwa mara nyingi kwamba Wamarekani walimwasi Mwingereza kwa sababu alipandisha kodi ya chai, chai ikawa ghali, wakaimwaga baharini. Naomba nafasi nisahihishe, maana kosa hili linafunika kiini cha ugomvi wenyewe. Ushuru uliobishaniwa ulikuwa peni 3 kwa ratili moja ya chai. Haukuwekwa mwaka 1773 wala haukuongezwa mwaka huo. Ulikuwapo tangu 1767. Sheria iliyozua zogo ile 1773 ilishusha bei. Walioimwaga chai hawakuwa wameshindwa kuinunua. Walichokuwa wakikitazama ni zile peni 3 zinakwenda wapi, na jibu walilijua: zilitengwa kulipa mishahara ya magavana na majaji, watu ambao katika koloni nyingi walikuwa wakila kwa kura ya mabaraza ya walowezi.

Nianze na maneno, kwa sababu nayo yanatupoteza njia. Kwa Kiswahili mkoloni ni mtawala. Tukiandika "wakoloni wa Marekani walidai uhuru", msomaji ana haki ya kushangaa: mtawala anadai uhuru kwa nani? Waliodai ni walowezi, yaani Waingereza, Waskoti, Wajerumani, Waholanzi na vizazi vyao, waliokalia ardhi ya wenyeji. Wenyeji hawakuwamo katika uhuru ule. Tena lile tozo la chai halikuwa kodi ya mtu kulipia nyumbani kwake. Lilikuwa ushuru wa forodhani, unaolipwa na mwagizaji bandarini pale mzigo unapoingia. Tofauti hiyo tutaihitaji tukifika Boston.

Uingereza haikuanzisha koloni hizi kwa hazina ya mfalme. Iliwapa hati wafanyabiashara na matajiri wajitafutie. Kampuni ya Virginia ilishusha watu 104 hivi Jamestown mwaka 1607, na baada ya njaa ya majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 walibaki hai kama 60 tu. Kilichoiokoa koloni ni tumbaku, na kilichowavuta watu ni ardhi: aliyelipa nauli ya mtu mmoja kutoka Uingereza alipewa ekari 50 kwa kichwa hicho. Tajiri aliyeleta vibarua 10 wa mkataba alijipatia ekari 500. Kuwavuta zaidi, Kampuni iliruhusu walowezi wachague wawakilishi, na hao 22 wakakutana na gavana kanisani Jamestown tarehe 30 Julai 1619. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Agosti, meli ya White Lion ikaleta Waafrika ishirini na ushee, walioporwa kutoka meli ya Wareno iliyowatoa Angola, wakabadilishwa na chakula. Baraza la kuchaguliwa na biashara ya watu viliingia Virginia katika kiangazi kimoja, na kila anayeisimulia habari hii kwa haki lazima avishike vyote viwili.

Mfalme aliinyang'anya Kampuni hati yake mwaka 1624, lakini baraza likabaki. Massachusetts walikuwa wajanja zaidi: mwaka 1630 walivuka bahari na hati yenyewe ya kampuni yao mkononi, hivyo mkutano wa wanahisa ukageuka kuwa serikali, na London hakukubaki mkurugenzi wa kuwaamuru.

Kufikia 1775 koloni zilikuwa 13, zenye watu wapatao milioni 2.5, mmoja kati ya kila watano akiwa mtumwa mweusi. Connecticut na Rhode Island walijichagulia magavana. Pennsylvania, Delaware na Maryland zilikuwa chini ya familia zenye hati. Zilizosalia zilipewa gavana na mfalme. Kwenye karatasi gavana huyo alikuwa mkubwa kweli: aliweza kukataa sheria, kuvunja baraza, kuamuru wanamgambo. Na sheria aliyoikubali bado ilipelekwa London, ambako Baraza la Faragha la mfalme liliweza kuifuta miezi mingi baadaye.

Ila kulikuwa na jambo moja lililompunguzia ukubwa wote huo. Hakuweza kutumia hata peni ya koloni bila kura ya baraza, na peni hizo ndizo zilizokuwa mshahara wake.

Mfano ulio wazi ni wa Gavana William Burnet. Alifika Massachusetts mwaka 1728 na agizo la mfalme kwamba baraza limtengee mshahara wa kudumu wa pauni 1,000 kwa mwaka. Baraza halikumnyima pesa. Lilimpigia kura kiasi kizuri, lakini cha mara moja, ili mwaka ujao arudi kuomba tena. Burnet akakataa kukipokea. Akawazuia wawakilishi wasirudi makwao, akalihamisha baraza kutoka Boston hadi Salem, kisha Cambridge, akitumaini wachoke. Hawakuchoka. Alifariki Septemba 1729 bila kupata alichoagizwa. Jonathan Belcher aliyemfuata aligonga ukuta uleule, mpaka London ikamruhusu apokee cha mwaka kwa mwaka. Gavana anayejua kwamba chakula chake cha mwakani kimo mikononi mwa wawakilishi husaini sheria nyingi ambazo London ingependa azikatae. Ndivyo koloni zilivyojitawala kwa zaidi ya nusu karne bila kuitamka kauli hiyo.

Si kila mahali. Virginia ilikuwa na sheria ya 1680 iliyotoza shilingi 2 kwa kila pipa la tumbaku lililosafirishwa, tena ya kudumu, kwa hiyo gavana wa huko hakupiga magoti kila mwaka. Wala mkoba uliokuwa mikononi mwa walowezi haukuwa safi siku zote. John Robinson wa Virginia alikuwa spika na mweka hazina kwa pamoja. Alipofariki mwaka 1766 iligundulika kwamba noti za karatasi zilizopaswa kuchomwa moto alikuwa amewakopesha marafiki zake, jumla yake ikikaribia pauni 100,000.

Biashara nayo ilikuwa na sheria zake. Tumbaku, sukari na bidhaa nyingine zilizotajwa katika sheria hizo zilipaswa kwenda Uingereza au koloni zake tu, kwa meli za Kiingereza (za walowezi zilihesabiwa humo), na bidhaa za Ulaya kupitia Uingereza kwanza. Walowezi wengi walizikubali, maana ziliwapa soko na ulinzi wa manowari. Palipochubuka ni kwenye molasi, shira ya miwa ya kutengenezea pombe ya ramu. Sheria ya 1733 iliweka ushuru wa peni 6 kwa galoni ya molasi iliyotoka visiwa vya mataifa mengine. Kiwango hicho kilikuwa cha kuua biashara, si cha kukusanya pesa, kwa hiyo hakikukusanywa: mwenye meli alimtilia ofisa wa forodha kitu kidogo mkononi, mzigo ukapita. Mwaka 1764 Waziri Mkuu George Grenville akashusha ushuru hadi peni 3. Ajabu ni kwamba kelele ziliongezeka. Sababu ni kuwa safari hii alikusudia ulipwe kweli: dhamana na hati za mzigo kwa kila nahodha, manowari za doria, na kesi kupelekwa mahakama za bahari zisizo na raia wa kuamua kesi, jaji akihukumu peke yake. Ushuru mdogo unaokusanywa uliwauma kuliko mkubwa uliokuwa wa karatasi tu. Lishikeni hilo, litajirudia kwenye chai.

Grenville hakuwa mwendawazimu. Vita vya Miaka Saba vilivyoisha 1763 viliiachia Uingereza deni lililopita pauni milioni 130, na alitaka kuweka askari kama 10,000 Amerika. Mwaka huohuo mfalme alikataza walowezi kuvuka milima ya Appalachian kwenda kuchukua ardhi za wenyeji, nao waliokuwa wamekwisha kujigawia mashamba huko wakachukia.

Ndipo ikaja Sheria ya Stempu, iliyopitishwa Machi 1765 ianze tarehe 1 Novemba. Karatasi zilipigwa muhuri London na kusafirishwa. Gazeti la nusu karatasi lilipaswa kulipiwa nusu peni, la karatasi nzima peni 1, kila tangazo shilingi 2, pakiti ya karata shilingi 1, jozi ya kete shilingi 10, leseni ya wakili pauni 10. Ilitarajiwa kuingiza pauni 60,000 kwa mwaka. Kwa nini ikafa? Malipo yalitakiwa kwa thamani ya fedha ya Uingereza, wakati sarafu zilikuwa adimu katika koloni. Zilikuwa zikirudi London kila mara kulipia bidhaa. Mwenye kukiuka angeweza kupelekwa kwenye mahakama zilezile za bahari. Na kosa kubwa la kisiasa: iliwagonga kwa mkupuo mmoja wachapaji, mawakili na wafanyabiashara, ndio watu wenye kalamu, ulimi na maghala.

Njia ya kuiua ilikuwa rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kila koloni ilikuwa na wakala wa kugawa karatasi hizo. Tarehe 14 Agosti 1765 sanamu ya wakala wa Boston, Andrew Oliver, ilitundikwa mtini. Jioni umati ukabomoa jengo lililodhaniwa kuwa ofisi yake ya stempu, ukaishambulia na nyumba yake. Akatangaza kuacha kazi. Habari zikasafiri, mawakala wa koloni nyingine wakaacha mmoja mmoja, na ilipofika Novemba karibu pote hapakuwa na mkono wa kuitoa karatasi. Wafanyabiashara wa London, oda zikiwa zimekatika, wakalilia Bunge. Sheria ikafutwa Machi 1766, lakini siku hiyohiyo Bunge likatamka kwamba lina mamlaka ya kuzitungia koloni sheria katika mambo yote.

Charles Townshend, waziri wa fedha, ndiye aliyeligusa jipu. Mwaka 1767 aliweka ushuru kwenye vioo, risasi ya madini, rangi, karatasi na chai. Wengi husoma orodha ya bidhaa wakaishia hapo. Kisomwe kile kilichoandikwa juu ya matumizi: mapato yalipie mahakama na serikali ya kiraia katika koloni itakapoonekana inafaa. Maana yake gavana na jaji walipwe na mfalme kutokana na ushuru ambao baraza halikuupigia kura, na zile kura za kila mwaka zilizomshinda Burnet zisiwe na kazi tena. Walowezi wakagoma kuagiza bidhaa. Baraza la mawaziri la Uingereza liliamua mwaka 1769, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuubakiza wa chai tu, na 1770 Bunge likafuta mingine.

Pesa ya chai ikaanza kufanya kazi iliyokusudiwa. Mwaka 1772 Gavana Thomas Hutchinson aliliambia baraza la Massachusetts kwamba sasa mshahara wake unatoka kwa mfalme, na baadaye ikajulikana majaji wa Mahakama ya Juu watafuata. Hapo, na si kwenye chai, ndipo mtambo wa mapinduzi ulipowashwa: tarehe 2 Novemba 1772 mkutano wa mji wa Boston, kwa hoja ya Samuel Adams, uliunda kamati ya watu 21 ya kuandikiana na miji mingine. Miji ikajibu, ikaunda kamati zake. Jaji Mkuu Peter Oliver alipokataa kuuacha mshahara wa mfalme mwaka 1774, baraza lilimfungulia mashtaka ya kumwondoa, na raia walioitwa kuamua kesi wakakataa kula kiapo mbele yake.

Sasa chai. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilikuwa na zaidi ya ratili milioni 17 zilizolala kwenye maghala ya London. Awali ililazimika kuinadi London. Mnunuzi akamuuzia mfanyabiashara wa Amerika, kila mmoja akiweka faida yake, juu ya ushuru uliokwisha kulipwa Uingereza. Sheria ya Mei 1773 iliirudishia Kampuni ushuru wote wa Uingereza na kuiruhusu ipeleke chai yenyewe kwa mawakala iliowateua. Chai ikawa nafuu kiasi cha kushindana na ile ya magendo ya Waholanzi. Waziri Mkuu, Lord North, aliombwa bungeni aziondoe na zile peni 3, akakataa. Huko Boston, wawili kati ya mawakala walioteuliwa walikuwa watoto wa Gavana Hutchinson, yeye ambaye mshahara wake ulitoka kwenye ushuru huo.

Meli ya Dartmouth iliingia Boston tarehe 28 Novemba 1773. Kuanzia hapo hesabu ya forodha ilikuwa hivi. Mzigo ukishaandikishwa, mwagizaji ana siku 20 za kulipa ushuru. Zikiisha, forodha inaukamata na kuuuza, na ushuru unapatikana humohumo. Kuirudisha chai Uingereza kulikatazwa na sheria ya huko, meli ingeweza kukamatwa. Kutoka bandarini kulihitaji kibali cha forodha, nayo haikukitoa wakati mzigo ungali melini. Kupita chini ya mizinga ya Castle William, ngome ya bandari, kulihitaji hati ya gavana, naye hakuitoa bila kibali cha forodha. Milango yote ilifungwa, ukabaki mmoja, na huo ulipitia kwenye ushuru. Tarehe 16 Desemba, siku ya mwisho, mwenye Dartmouth, Francis Rotch, alitumwa Milton kwa Hutchinson kuomba hati. Alirudi jioni mikono mitupu, maelfu wakimsubiri kwenye nyumba ya ibada ya Old South. Watu wakashuka hadi gati la Griffin, kwenye meli tatu: Dartmouth, Eleanor na Beaver. Walipandisha makasha kutoka ngamani kwa kapi, wakayapasua kwa mashoka, wakamwaga. Maji yalikuwa yamekupwa, chai ikarundikana ubavuni mwa meli, ikabidi isukumwe. Kwa muda wa saa tatu hivi yaliisha makasha 340, kati yake 240 ya Bohea, chai nyeusi ya kawaida: zaidi ya ratili 92,000, zenye thamani ya pauni 9,659.

Mbona Philadelphia hawakumwaga? Kwa sababu huko nahodha wa Polly alizuiwa kabla hajaandikisha mzigo forodhani, saa ya siku 20 haikuanza kuhesabika, akageuza meli. Charleston siku zilikwisha, forodha ikaichukua chai na kuifungia chini ya jengo la soko la wafanyabiashara. Aliyeufahamu utaratibu wa bandari ameelewa kwa nini ni Boston.

Adhabu ya 1774 inajulikana: bandari ya Boston ikafungwa kuanzia tarehe 1 Juni, baraza la juu la Massachusetts likawa la kuteuliwa na mfalme, mikutano ya miji zaidi ya mmoja kwa mwaka ikahitaji idhini ya gavana. Jibu la walowezi ndilo lisilosimuliwa vya kutosha. Kongamano la koloni 12 (Georgia haikuja) lilikaa Philadelphia Septemba na Oktoba, likaamua bidhaa za Uingereza zisiingie kuanzia tarehe 1 Desemba 1774. Usafirishaji kwenda Uingereza ulisogezwa hadi tarehe 10 Septemba 1775, kwa kuwa wakulima wa tumbaku walitaka kwanza wauze ya shambani, na Carolina Kusini haikukubali mpaka mchele wake ukaachwa huru. Kila wilaya na mji ulichagua kamati ya kusimamia. Mzigo uliofika kati ya Desemba na tarehe 1 Februari, mwenyewe alichagua: aurudishe, kamati iuhifadhi, au uuzwe, arudishiwe gharama yake na faida iende kwa maskini wa Boston. Mkaidi alitangazwa jina gazetini, watu wakaacha kufanya naye biashara.

Na Massachusetts, Oktoba hiyo, baraza la walowezi lililokutana bila idhini ya gavana lilimteua Henry Gardner kuwa mpokeaji wa mapato, likaagiza wakusanya kodi wa miji wasipeleke tena pesa kwa Harrison Gray, mweka hazina wa serikali ya mfalme. Risasi ya Lexington iliyoanzisha vita ililia tarehe 19 Aprili 1775, lakini mkoba ulikuwa umehama miezi sita kabla.

Yaliyofuata nayapita haraka. Agosti 1775 mfalme aliwatangaza kuwa waasi. Mei 1776 Kongamano lilizishauri koloni ziunde serikali zao. Kura ya kujitenga ilipigwa tarehe 2 Julai, tamko la uhuru likapitishwa tarehe 4, New York ikikubali tarehe 9. Katika orodha ya malalamiko ya tamko hilo limo hili: kwamba mfalme amewafanya majaji wamtegemee yeye peke yake kwa muda wa kazi yao na kwa kiasi na malipo ya mishahara yao. Kifungu cha Thomas Jefferson kilichoshutumu biashara ya watumwa kilikatwa kabla ya kupitishwa. Na huko Virginia gavana wa mfalme, Lord Dunmore, alikuwa ameahidi Novemba 1775 kumwachia huru mtumwa wa mwasi yeyote atakayeshika silaha upande wake. Mamia walitoroka mashamba wakamfuata. Kwao, uhuru mwaka ule ulikuwa upande wa Mwingereza.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba gazeti likiandika tena habari hizi liandike "walowezi" badala ya "wakoloni", liandike "ushuru wa forodha" badala ya "kodi kubwa", na pale penye sentensi ya chai kupanda bei liweke hii: walowezi waliukataa ushuru wa peni 3 kwa ratili uliotengwa kulipa mishahara ya gavana na majaji bila kura ya mabaraza yao.

Msomaji wenu